Bi. Glenys Hartwig na Sumaku za Lori Namba Sita

Ijumaa, tarehe 27 Juni. Asubuhi ya leo imeamka na baridi ya kuvaa sweta, anga la mji wetu wa Katherine, kaskazini mwa Australia, halina hata wingu moja, na Bi. Glenys Hartwig amefika kazini kabla ya sisi wote kama kawaida yake. Ni siku yake ya mwisho. Anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya malori ya trela tatu, na hakuna aliyefanikiwa kumzuia asivae ovaroli.

Alianza mwaka 1991 akiwa mwosha vipuri. Baada ya miaka mitano alikuwa fundi kamili wa injini za dizeli, na baadaye msimamizi wa zamu. Madereva wengi walimfahamu kwa miguu yake, kwa kuwa sehemu nyingine zote zilikuwa chini ya lori.

Upendo wake mkubwa, ukimwondoa mumewe Ron, ulikuwa filta kuukuu. Wengine walizitupa. Yeye alizipasua kwa msumeno saa ya chai, akazikunjua karatasi zake mezani, katikati ya pai zetu za nyama, na kutuonyesha chembe za chuma zilizopita kwenye oili. Nyumbani aliwahi kukausha karatasi ya filta ndani ya oveni iliyokuwa na keki ya Krismasi. Ron anasema keki ililika, ila wageni waliuliza kama ile ladha ni ya karafuu.

Kutoka kwenye filta akahamia kwenye sumaku. Jaribio la kwanza tulikumbuke kwa haki: alinunua kwa mchuuzi mmoja sumaku ya kufungwa kwenye mpira wa dizeli, iliyoahidi kupunguza unywaji wa mafuta. Dereva aliyepewa aliripoti kwamba lori limeendelea kunywa kama mwenye nalo. Glenys aliifungua, akakubali kwamba amepigwa, na kuanza upya na jambo aliloweza kuliona kwa macho: sumaku haibadilishi mafuta, lakini inakamata vipande vya chuma na kutu ambavyo filta ya karatasi inaviachia. Kwa miaka kumi alimwomba meneja wetu, Bw. Lachlan Pascoe, amruhusu aweke sumaku kwenye malori yote. Kwa miaka hiyo yote Bw. Pascoe alijibu kwamba atafikiria.

Mwezi Agosti 2009 alikubali majaribio ya malori sita. Glenys alipata sumaku nene kutoka kwenye mitambo chakavu ya mgodini, akazifunga nje ya filta za oili na za dizeli. Bw. Pascoe aliahidi kutoa uamuzi siku ya Ijumaa.

Wiki hiyohiyo vifaa vilianza kupotea. Ikaenda spana, zikaenda soketi mbili, mwisho ukaenda mkono wa soketi ambao fundi Brenton Schirmer alirithi kwa baba yake. Kila anayefanya kazi hapa anajua uzito wa jambo hilo. Kila fundi huja na vifaa vyake mwenyewe, amevipaka rangi yake, na kuliko kugusa kisanduku cha mwenzako bila ruhusa, ni afadhali umguse mke wake. Macho yote yakamgeukia Tavita Leota, fundi aliyetoka Samoa wiki tatu tu nyuma, mwenye kisanduku kidogo kuliko vyote. Watu waliacha kukaa naye saa ya chai. Brenton alimuuliza mbele za watu kama Samoa wanauza vifaa kwa kilo. Bw. Pascoe akasema Ijumaa atamwachisha kazi.

Alhamisi, lori namba sita lilirudi kutoka Darwin. Glenys aliingia chini yake kumwaga oili. Kwenye filta, zimeng'ang'ania sumaku yake, zilining'inia spana, soketi mbili na mkono wa soketi wa marehemu mzee Schirmer. Brenton mwenyewe aliviweka juu ya fremu wakati akifanya kazi, sumaku ikavivuta, na vikaenda Darwin na kurudi bila nauli.

Angeweza kuvibandua na kuviacha mezani bila neno. Alichofanya ni kuifungua filta nzima na vyote vilivyonata, akaibeba kama mshikaki, oili ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na kuitua katikati ya chai yetu.

"Brenton, mwizi wako huyu hapa," alisema. "Nimemfuga mimi."

Bw. Pascoe aliitazama ile filta, akamtazama na yeye. "Glenys, unajua kesho nilikuwa nazipitisha sumaku zako?"

"Najua, bosi. Na huyu kijana ulikuwa unamfukuza. Acha yote mawili."

Brenton alimwendea Tavita, akasema samahani, kaka, nilikuona mwizi kwa sababu ya kisanduku chako. Tavita akamjibu kwamba kisanduku kikubwa kiko melini bado, na kwamba kama kingekuwa kimeshafika, kingekuwa kimetua kichwani kwa Brenton. Kwa desturi yetu, aliyekosea huleta katoni ya bia Ijumaa. Ijumaa ile zilikuja tatu: ya Brenton, ya Glenys, na moja ambayo Bw. Pascoe hakusema ni ya nani.

Sumaku zilipigwa marufuku miaka miwili. Glenys alinuna siku moja, kisha akarudi mezani na sumaku ndogo zaidi, safari hii akiwa na Tavita, aliyezitengenezea kifuniko cha bati ili zivute kilicho ndani tu. Mwaka 2011 moja ilikutwa imejaa chembe nzito za chuma. Injini ilifunguliwa, na beringi iliyokuwa ikisagika ikabadilishwa kabla haijafia porini. Leo malori yetu yote yamefungwa sumaku hizo.

Kuanzia Jumatatu msimamizi wa zamu ni Tavita. Tulipomwomba neno la kuweka hapa, alifikiri, akasema: "Angevirudisha vifaa kimyakimya, watu wangesema mwizi kaogopa. Ningeondoka na jina hilo. Yeye alichagua lawama zimwangukie yeye, mimi nibaki na jina safi."

Asante, Glenys, kwa injini ulizookoa, na kwa Alhamisi ile zaidi ya zote. Nenda nyumbani, kunywa chai kwenye meza safi, lala mpaka jua likuchome usoni. Likipita lori barabarani injini ikigonga, usinyanyuke. Tavita amekwisha kulisikia. Sote hapa karakana tunakuombea afya na miaka mingi ya raha.