Ndege Wanne kwenye Jozi Saba

Assalaam alaykum wagonjwa wenzangu na mnaotuuguza, na wale wasiokuwa Waislamu hamjambo. Nitasema nimekaa, kwa sababu mguu wa kulia haujakubali bado. Mdomo nao upande mmoja mzito, kwa hivyo neno likinikwama nisubirini. Msinimalizie.

Wengi wenu mwanijua, nimesomesha hesabu maisha yangu yote. Basi nlipopigwa na kiharusi, khofu yangu haikuwa mguu. Nliogopa kichwa. Nlitaka kujua kitu kimoja tu: akili yangu imebaki nzima au imebaki nusu? Na kila nliyemuuliza alinijibu lile lile, umepona mashallah, huna ila. Mke wangu akizungumza na daktari kwenye simu, nikiingia chumbani anaaga na kukata. Ufunguo wa gari umehama mahala pake, na hakuna aliyeuhamisha. Mchuzi hauna chumvi, wote wanasema unayo. Ndugu zangu, nakwambieni kweli, nlianza kuwapeleleza watu wa nyumbani kwangu.

Mwanangu wa kike alisoma Japani, akarudi na sanduku la kete za mchezo wao, mahjong, vipande vidogo vilivyochorwa. Akasema utanifaa vidole na kichwa. Wanacheza watu wanne, na sisi tukatimia: mimi, mke wangu, yeye na mumewe. Kila Ijumaa baada ya Alasiri, pale nyumbani kwetu Al Khoudh. Mkononi una kete kumi na tatu, unavuta moja, unatupa moja, mpaka upate mpango unaokubaliwa, na kete ya mwisho waweza kuichukua aliyoitupa mwenzio. Kila kete ina wenzake watatu wa sura moja. Mimi niliupenda mpango mmoja, sisi twauita jozi saba, kete mbili mbili za sura moja. Wajapani wana jina lake, linanishinda ulimi.

Nikawa nashinda. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mngefurahi nyinyi. Mimi nikaingia shaka. Siku moja nlikuwa nangoja kete moja tu, na mkwe wangu akaitupa ile ile, tena kaichomoa katikati ya mkono wake. Walipokwenda kutia chai nikazipindua kete zake. Nikaikuta pacha yake: alikuwa na mbili za sura hiyo, kavunja jozi yake mwenyewe ili anipe mimi. Nikazirudisha kama zilivyokuwa. Nikajiambia, huyu kijana hana ubavu wa kupanga hila peke yake, kuna aliyemtuma. Na nikamtuhumu mke wangu. Si ndiye mwenye siri na daktari?

Ijumaa iliyofuata nikacheza kwa ghera. Nikakataa kete za mtu, nikangoja ya kuvuta kwa mkono wangu. Nikaivuta. Nikazilaza zote kumi na nne mezani, jozi saba, na ndani yake ndege wanne. Ndege ni aina moja ya kete, iliyochorwa ndege. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Hii hakunipa mtu, nimeivuta mwenyewe, basi kichwa changu kizima.

Mwanangu akazitazama kete, akanitazama mimi. Akasema, "Umeshinda, Baba." Mumewe akapiga makofi.

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Haijatimia," akasema. "Ndege wanne ni jozi moja, hawawi mbili. Jozi saba lazima zote ziwe mbali mbali. Mtoto katwambia siku ya kwanza, na wewe ukaitikia."

Nikawajibu haraka, "Nnajua. Nlikuwa nakujaribuni."

"Hukuwa unatujaribu. Umesahau."

"Mama, muache," mwanangu akasema, na machozi yanamtoka.

"Nimuache mpaka lini? Mnamchezea kama mtoto, na yeye anaona. Hebu mtazame anavyokutazameni." Kisha akanigeukia. "Lipa adhabu yako bwana, tuendelee."

Wenzangu, sikuendelea. Niliondoka pale mezani nikajifungia chumbani, na siku mbili sikusema naye, nikasusa hata chai yake. Leo nakiri mbele yenu, kwa sababu pale nilisema uongo: sikuwa namjaribu mtu. Sheria ile ilikuwa imenitoka kichwani kama haijapata kuingia. Na niliona aibu kubwa, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, nimeshindwa kuhesabu ndege.

Siku ya tatu nikamwendea mke wangu jikoni. Nikamuuliza, "Nini jengine nnachosahau?"

Akazima jiko, akavuta kiti, akanambia. Gesi nimeiacha wazi mara mbili. Khabari ya msiba wa kaka yangu nimeiuliza mara tatu, na mara zote tatu nimelia upya. Ufunguo wa gari kauficha yeye, umo ndani ya kopo la mchele. Chumvi kapunguza yeye. Daktari kasema yale ya zamani yamesalimika, mapya ndiyo yanayoteleza, na kichwa kinaweza kufundishwa kuyashika. Nililia, wallahi. Lakini usiku ule nililala, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Sasa nlikuwa najua nilipo.

Tangu hapo kila asubuhi naandika jambo moja jipya, nalifunika kwa mkono, nalisema. Nlianza na sheria za jozi saba. Ijumaa iliyopita nimefungwa michezo yote minne na nikacheka. Shaka haijanitoka yote, hata nyinyi mkinipigia makofi hapa nitakuangalieni vizuri.

Namshukuru mwanangu kwa mapenzi yake, na mkwe wangu kwa nia njema, ila jozi zake asizivunje tena. Nakushukuruni nyinyi mlionisubiri maneno yalipokwama. Na nyinyi mnaotuuguza, nakuombeni: mgonjwa wenu akikosea, mwambieni kakosea. Mkimficha makosa yake, hata sifa zenu hataziamini.

Mke wangu amekaa pale nyuma, hakupenda nimtaje. Yeye hajanambia hata siku moja kwamba nimepona. Siku atakayosema, nitaamini. Bado hajasema, nami nangoja.