Nilikonda kwa Hiari Yangu, Ndugu Zangu Wakaanza Kunijengea Nyumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa niaba ya wale ambao vifua vyao vimebana na hawawezi kuitikia kwa nguvu, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikisimama kuimba pambio, tukifika ubeti wa pili nimeshaketi, najifanya natafuta kitabu.

Niliacha shule darasa la nne. Nasema mapema ili mtu asidhani naleta hapa mambo ya vitabu. Sikusoma, lakini mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko la Migori ni yangu, na stoo ya mahindi iliyoshikana nayo ni yangu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Ujana wangu niliumalizia Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu, nikivuta mawe juu kwa kamba. Wakati huo mgongo wangu ulikuwa mpana kama mlango. Jiwe likishinda watu wawili, niliitwa mimi. Sijisifu, waulizeni waliokuwako.

Basi Mungu alinibariki, nikanunua mashine, na siku niliyoinunua ndiyo siku niliyoacha kubeba kitu. Nilimwambia fundi anitengenezee kiti kipana, nikakiweka mlangoni, nikakaa. Saa nne soda na maandazi. Mchana ugali wa kufunika uso wangu, na nyama ya mafuta. Jioni samaki wa kukaanga, na ugali mwingine. Chai yangu kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe kwa sukari. Nikanenepa! Kwetu mtu akinenepa husemwa maisha yamemkubali. Watu walinisalimu wakiangalia tumbo kwanza, uso baadaye. Wenzangu waliosoma walitundika vyeti ukutani; mimi cheti changu nilikibeba mbele yangu.

Sasa, ndugu zangu, kabla sijafika kwa tumbo lazima niseme juu ya Odera. Hapa ndipo ninapoona aibu.

Odera alikuwa mbebaji wangu wa magunia. Mtu mzima, mcheshi, mwenye nguvu kunipita, ingawa wakati huo nisingekubali. Mwaka mmoja akaanza kukonda na kukohoa. Mnajua miaka hii ya tisini mtu aliyekonda anavyoangaliwa. Ugonjwa wenyewe hakuna anayeutaja. Vijana husema fulani amekuwa slim. Wazee husema ni chira, ile laana ya kumkausha mtu aliyevunja mila. Wateja wakaanza kuniambia unga wao ubebwe na mtu mwingine. Nikamwambia Odera aende nyumbani apumzike, nitamwita. Sikumwita. Tena alipoondoka alininyoshea mkono wa kuaga, na mimi nikainama nikafunga mdomo wa gunia ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Siku zikapita. Nilikwenda Homa Bay kutafuta mshipi wa mashine. Nikipanda kile kilima kutoka ufukweni, dunia ikazunguka, nikajikuta chini na watu wamenizunguka wakibishana ni wangapi watatosha kuniinua. Walinipeleka hospitali. Kulikuwa na sista mmoja pale, mwembamba, mwenye miwani, asiyejua kubembeleza. Alinipima presha akapima tena, akafikiri chombo kimeharibika. Sukari nayo ilikuwa imeanza kubisha hodi. Akaniambia nina mtoto wa darasa la pili, kama nilivyomweleza, na kwa mwendo huo sitamwona akifika la nane.

Neno hilo lilinishika. Atieno wangu! Nikarudi Migori nimeapa kumaliza tumbo kwa mwezi mmoja. Mtu aliyeshinda mawe ya Macalder atashindwa na mafuta?

Ndugu zangu, nisikilizeni, kwa maana hapa wengi wanapotea. Nilianza kwa kutokula. Nililitangazia kanisa kwamba nimefunga kwa ajili ya uamsho. Mungu anisamehe, nilikuwa nimefunga kwa ajili ya mshipi wa suruali. Nikanywa mwarobaini hadi ulimi ukafa ganzi, na dawa ya kuharisha juu yake. Nikavaa koti zito, nikakimbia juani saa sita mpaka daraja la mto na kurudi. Wiki ya tatu tumbo lilikuwa limeshuka kidogo, lakini mikono ilikuwa imebaki kamba. Siku moja nilinyanyua debe la mahindi, debe moja tu, nikaanguka nalo ndani ya unga mbele ya wateja.

Nikarudi kwa yule sista nikidhani atanisifu kwa bidii. Aliniangalia mikono, akavua miwani.

"Mzee, umekula misuli yako mwenyewe," akasema, "na mafuta umeyaacha yakuangalie."

Akanieleza kwamba mwili ukinyimwa chakula ghafla hudhani kuna njaa, unaanza kuuza mali yake, na misuli hutoka pamoja na mafuta. Nisikimbilie kukonda. Kilo mbili kwa mwezi zinatosha, na nisione haya ikiwa moja. Ugali niupunguze hadi ukubwa wa ngumi yangu, na nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, mrenda, osuga, zote tunazo na tunaziacha kwa watoto. Lakini kinachojenga mwili nisikiguse kukipunguza: samaki wa kuchemsha, omena, maharagwe, yai, maziwa ya mala yaliyoganda. Soda na sukari ya chai niziage. Nitembee kila siku, asubuhi kabla ya jua. Na mara tatu kwa wiki niinue kitu kizito, siku moja ya kazi, siku moja ya kupumzika, kwa sababu misuli hukua mtu akiwa amepumzika, amelala vizuri. Halafu akaniuliza kama nina kitu chochote kizito nyumbani.

Nilicheka. Nina stoo nzima ya magunia! Ningewezaje kukosa dawa ambayo nimeikalia?

Basi nikafanya hivyo, na ilifanya kazi. Polepole, lakini ilifanya kazi. Nilikuwa nikitoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari, na kila tundu nilimwita Mama Atieno, mke wangu, aje ashuhudie. Nilipanda kilima bila kusimama. Presha ikashuka. Nikajua nimeshinda.

Kumbe ndio nilikuwa naingia kwenye vita vyenyewe.

Ilianza na wateja. Mtu anakuja na debe lake, ananiona, anakumbuka kwamba alikuwa amepanga kusagia kwingine. Kisha mashemasi wawili wakanitembelea, wakasali sala ndefu mno, wakaondoka bila kugusa chai. Mwisho akaja kaka yangu mkubwa, Ochieng, kutoka nyumbani Kendu Bay. Amebeba kuku na chupa ya manyasi, ile dawa ya miti inayonywewa kuondoa chira. Akafunga mlango, akaniita kwa neno letu la kuitana ndugu.

"Omera, mimi ni ndugu yako. Ulivunja nini?"

Nikamwambia niliacha soda.

"Soda," akasema. Akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemwangalia mtoto anayedanganya. "Kunywa hii, omera. Mengine tutayapanga sisi."

Sikunywa. Na sikuelewa alichosema hadi wiki mbili baadaye, niliposikia kwamba Kendu Bay wanakata nguzo, wananijengea nyumba. Wasiojua mila yetu niwaeleze. Kwetu mwanamume mwenye familia huzikwa nyumbani kwa baba zake, na hazikwi hapo kama hana nyumba yake hapo, na mimi nilikuwa nimejenga Migori tu. Ndugu zangu wa damu walikuwa wanaharakisha ili nisiwaaibishe siku ya mazishi. Nilikuwa mzima kuliko miaka kumi iliyopita, na kaburi langu lilikuwa linatafutiwa jirani!

Nitawaambia ukweli, nilivunjika. Nilimwambia Mama Atieno asonge ugali kama wa zamani na akaange nyama, kwa sababu nimeamua kunenepa tena. Nikala siku nne bila kuinuka kitini. Siku ya nne kifua kikaanza kubana, nikajua njia ninayoirudia, nikaendelea kutafuna. Nikamwambia mke wangu heri nife mnene mwenye heshima kuliko kuishi mwembamba mwenye kunong'onwa.

Mke wangu si mtu wa maneno. Aliondoa sahani mbele yangu.

"Baba Atieno, ukifa mnene watakusifu siku mbili," akasema. "Siku ya tatu nitabaki mimi na mtoto. Na wao hawatakuja kusaga."

Nikaingia stoo, nikapiga magoti katikati ya magunia, mashine ikinguruma ili mtu asinisikie. Nilimwambia Mungu anifungie midomo ya watu. Nilitegemea sauti, au angalau joto kifuani kama wengine wanavyoshuhudia. Sikupata. Nilichokiona ni mkono wa Odera, umenyooshwa, na mimi nimeinama kwenye gunia. Hapo nikaelewa. Yale macho waliyonitazamia wateja, niliyatumia mimi kwanza. Sikuwa mtumwa wa tumbo tu. Nilikuwa mtumwa wa kuogopa mtu mwembamba, na sasa mtu mwembamba ni mimi.

Nikasimama, nikachukua baiskeli. Odera alikuwa kwao, upande wa Nyatike, ameketi juani amejifunika blanketi. Amebaki macho na mifupa. Nilimnyoshea mkono. Aliuangalia muda mrefu hata nikaanza kuuona mzito. Kisha akautazama mshipi wangu wenye matundu mengi, akaanza kucheka, na kikohozi kikamkata.

"Tajiri," akasema, "na wewe wamekuandika kati yetu sisi wa kufa?"

Akanishika mkono. Ndugu zangu, saa ile ndiyo saa yangu! Wengine walifunguliwa madhabahuni, mimi nilifunguliwa kwenye ua wa Odera, na minyororo ikaanguka.

Nilimpeleka Homa Bay kwa yule sista. Wakampima makohozi, wakakuta ni kifua kikuu, wakampa dawa za miezi mingi na amri ya kutoruka hata siku moja. Mengine aliyozungumza na daktari mlango ukiwa umefungwa ni yake na daktari. Sikuuliza, na mnaotaka kuniuliza mimi msijisumbue.

Alipopata ruhusa ya kukaa na watu alirudi kwenye mashine. Kubeba hawezi, basi nikamkalisha kwenye kiti changu kipana awe anapima, na kazi ya kubeba nikaichukua mimi mwenye mali. Siku ya kwanza akaniona ninavyoinua gunia akashika kichwa. Miezi yote ile nilikuwa nikiinama kama mtu anayetafuta sindano, ndiyo maana kiuno kilikuwa kikiniuma.

"Tajiri, nani alikufundisha? Chuchumaa," akasema. "Mgongo uwe sawa, gunia likumbatie karibu, halafu uache miguu ifanye kazi. Na hilo ni kubwa mno. Anza na nusu."

Mimi, wa Macalder, nianze na nusu! Lakini nilianza na nusu. Nikilizoea likawa jepesi tuliongeza gorogoro moja, kile kikopo cha kilo mbili, si debe, gorogoro moja. Akichoka kunicheka alinihesabia: mara nane, pumzika, mara nane tena, pumzika, basi, kesho hakuna. Mabega yakarudi. Mapaja yakarudi. Leo nainua gunia zima la kilo tisini kutoka chini, na niko na umri wa babu. Hapo najisifu, na nimepewa ruhusa na Mungu.

Kila Jumatatu asubuhi tulipanda mizani ya magunia, mimi kisha yeye. Mimi nashuka, yeye anapanda. Habari ikaenea sokoni, akina mama wakawa wanakuja kutazama, kwanza kwa mbali, baadaye wanabishana nani atamfikia mwenzake. Mama mmoja aliyekuwa amehama akaleta mahindi yake ili asikose kuona. Mpaka leo hatujalingana. Odera bado ana kilo tatu za kunifikia, naye anasema nimeweka mawe mfukoni.

Na ile nyumba? Nilikwenda Kendu Bay nikakuta nguzo zimekaa chini zinasubiri taarifa. Nilichuchumaa kama nilivyofundishwa, nikaweka nguzo ya katikati begani, nikaipeleka hadi kwenye shimo lake peke yangu. Ochieng akakaa chini kwenye mbao.

"Omera," akasema, "kumbe ilikuwa soda."

Tukaimalizia nyumba pamoja. Desemba iliyopita nililala ndani yake nikiwa hai, na Mama Atieno analalamika kwamba nilikoroma.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipunguzia tumbo na kuniongezea moyo, na bado anaendelea na pande zote mbili. Nawe uliyenenepa, usife njaa wala usinywe machungu. Nenda upimwe, kisha ngumi ya ugali, mboga, samaki, usingizi, na nusu gunia. Uliyekonda bila kutaka, usinywe manyasi wala usijifiche. Nenda upimwe vilevile, na kama huna wa kukusindikiza, baiskeli ninayo. Mwamini Mungu zaidi ya midomo ya watu. Hiyo midomo ilinizika, na mimi hapa nimesimama beti zote.

Tukitoka nje nitakuwa mlangoni. Nitampa mkono kila mtu. Na aliyekonda, huyo nitamshika kwa mikono yote miwili, na sitakuwa na gunia la kufunga.