Mkaguzi wa Moto na Mlango wa Nyuma wa Kiwanda cha Magodoro

Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nimeombwa nisome wasifu wake kwa upole. Nitajaribu, ila nina hasira na sitaificha.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kifungua mimba wa mchochea tanuru wa kiwanda cha pamba. Alikuwa na miaka tisa bohari ya kiwanda hicho ilipoungua, baba akarudi nyumbani hana nyusi. Alimaliza sekondari mwaka 1973, kisha akasomea uchoraji wa ramani za majengo.

Mwaka 1977 kampuni ya bima ilimwajiri kukagua hatari za moto viwandani. Enzi hizo bima ya moto ilikuwa na meno. Mkaguzi alichora kiwanda kizima, matofali kwa rangi nyekundu, mbao kwa njano, na penye hatari ada ilipanda mpaka mwenye mali arekebishe. Wafanyakazi walimwita Mzee Mlango, maana hakunywa hata maji kabla hajafungua kila mlango kwa mkono wake. Baadaye kampuni zikaanza kugombania wateja, na mkaguzi mkali akaonekana mkosi.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa wifi yetu, muuguzi. Ukumbini alisimamisha muziki, akahamisha viti vilivyoziba mlango, akiwa ndani ya suti yake ya harusi. Wifi akasema, "Jamani, kumbe nimeolewa na zimamoto!"

Aya inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Kampuni yake ya bima ilijitolea kuzichapisha, ikaiondoa.

Mwaka 2015 idara ya bima ya wizi ilimtaka mwenye kiwanda cha magodoro atie kufuli mlango wa nyuma. Kaka, wa bima ya moto, kampuni ileile, akaandika kufuli litolewe. Aliandika mara tatu. Mkurugenzi wa mauzo akamwambia, "Mzee, usinifukuzie mteja." Tarehe 11 Agosti sponji ikashika moto. Watu kumi na tisa walikutwa nyuma ya mlango ule. Kwenye uchunguzi kampuni ikaapa kwamba mkaguzi hakuandika kitu, na nakala zake wakadai amezitunga baada ya moto. Huo ni uongo, tena mchana kweupe!

Tangu hapo presha haikushuka. Mwaka 2017 alipata kiharusi kikamnyima kauli, na tarehe 3 Februari 2019 alifariki akiwa na miaka 62. Alikufa anaitwa mzembe.

Ameacha mjane, binti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne na sisi wadogo zake watatu. Mola ampe pumziko.

Mkurugenzi wa mauzo, nakuona hapo mbele na shada lako. Wewe ndiye uliyepokea barua zile. Simama, uwaambie watu hawa mbele ya jeneza. Wachimba kaburi, wekeni majembe chini. Tunamsubiri.