Kiti cha Hakimu cha Darasa la Sheria

Mgeni rasmi, afisa elimu wetu,

Umetukuta tukizozana, na hatutajifanya tulikuwa tunapanga maua. Mwalimu mkuu alitaka ukalie kiti chenye mikono. Mama mmoja kati yetu, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, alisema kiti hicho kisitolewe darasani kwa binti yake. Alishindwa. Umekikalia. Karibu sana.

HISTORIA

Somo la Sheria lilianza hapa darasa likiwa limejaa. Wengine walishtaki, wengine walitetea, na hakimu wa zamu alikaa kwenye kiti hicho. Kisha maneno yakaenea kwamba sheria husomwa chuo kikuu, huku sekondari ni kujichosha bure. Wakahama mmoja mmoja. Hata rafiki wa dawati moja wa binti huyo aliondoka. "Usininunie, bwana," alimwambia, "nitakuwa nakuja kukusikiliza." Hajaja.

MAFANIKIO

Amebaki binti mmoja. Wenzake wanamwita Wakili wa Kuta. Anashtaki akiwa dirishani, anavuka chumba anatetea mlangoni, kisha anakaa na kuamua. Mwalimu wake, anayefundisha pia shule nyingine, huja akipata nafasi.

Juzi mama yake alimpelekea sweta, akamsikia akiuliza, "Upande wa pili una la kuongeza?" Kisha akangoja, kama mtu anayetarajia kweli kujibiwa. Mama hakuingia. Alitundika sweta kwenye kitasa, akaondoka.

CHANGAMOTO

Tunajua una pendekezo mezani la kulifuta somo hili, eti mabishano hayasomwi na mtu mmoja. Likifutwa, atahamishiwa somo asilolichagua, na huu ni mwaka wake wa mtihani.

Asubuhi kiti kilipobebwa hakubisha, yeye ambaye nyumbani hubishia hata chumvi. Aliuliza tu, "Sasa hukumu nitaitolea wapi?" Mwalimu mkuu alicheka.

OMBI

Tulikuwa tumeandika bati, vyoo na uzio. Tumeyakata yote. Tunaomba usilifute somo ambalo hujalisikia.

Hapa, na hili halikuandikwa, baba mmoja ananong'ona, "Mama Wakili, mgeni hasimamishwi." Wazazi wengine wamenyoosha mikono kukubali usimamishwe, na baba ameshindwa, kama mama alivyoshindwa asubuhi.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunakuomba uinuke. Ahsante. Mzazi mwenzetu aliye seremala ameshika mkono wa kushoto wa kiti, mama anashika wa kulia, na karatasi hii ataisomea njiani. Kiti kinarudi darasani, nawe utakikalia huko. Binti yuko ndani peke yake, hajui tunakuja. Sisi tutasimama dirishani. Akiuliza tena kama upande wa pili una la kuongeza, leo atajibiwa.

Mungu akupe subira ya kusikiliza mpaka mwisho, na akurudishe kwako salama. Pita, mlango uko wazi.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Sheria