Wageni Watoke, Bweni la Wageni Linatengenezwa

Habari hii niliipata kwanza kwa Rozalia, anayefua mashuka ya bweni la chuo: wanafunzi na watafiti wa kigeni wanatolewa wote, ili bweni la wageni litengenezwe liwafae wageni. Jioni nilipoketi na sinia langu la kashata kando ya kijiwe cha kahawa hapa Ujiji, mtoto mgongoni, wenyewe wa kijiwe walikuwa wameshalivalia njuga jambo hilo. Waya, fundi umeme anayefanya kazi bwenini humo, ndiye aliyekuwa akitamba.

— Kila chumba kinawekwa kiyoyozi. Mzungu akitoka jasho hafikiri.

— Waliomo wengi ni Warundi, bwana, akasema Mgebuka, mchuuzi wa samaki. Bujumbura joto ni hili hili, na ziwa ni hili hili.

— Ndiyo maana wamelichoka.

Diwani, ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi, akasogeza kikombe.

— Watu wanachunguza dagaa, nyie mnawajengea nchi kavu? Bweni lielee ziwani. Mtafiti anainua godoro, anachungulia, anahesabu dagaa wake, analala tena.

— Na dhoruba ikija?

— Anaamkia Kongo. Huko nako kuna dagaa. Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

— Vitanda navyo vipishane, akasema Mgebuka. Mwenye shahada mbili hawezi kulala kitanda cha mwenye moja.

— Mwenye tatu je?

— Huyo apande ghorofani.

— We Waya, kazi yenyewe itaisha lini?

— Rangi haiharakishwi, mjomba. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Hapo umenena, akasema Diwani.

Ndipo akafika Aurore, dada wa Kirundi anayechunguza samaki, mteja wangu wa kashata. Akaamkia shikamooni, akaomba kahawa.

— Dada, si wewe wa pale bwenini? akauliza Waya. Tunakutengenezea chumba, kwenu utapasahau.

— Asante, kaka. Ila kesho mchana tunarudisha funguo. Kila nyumba niliyoomba wamezikataa chupa zangu za samaki waliotiwa dawa. Sasa kesho nitalala wapi?

Diwani akatazama ziwa. Mgebuka, mwenye nyumba ya vyumba sita, akakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja. Waya akainua birika. Lilikuwa tupu.

Mimi nikamfungia kashata mbili. Aurore akashukuru, akaondoka.

Asubuhi yake nilitoa kuku na magunia ya mahindi katika chumba changu cha uani, nikafagia, nikatundika chandarua. Kisha nikaenda bwenini. Nilimkuta getini akiburuta godoro peke yake. Nilimsalimu, nikashika upande mmoja wa godoro.

— Tunaenda wapi, Mama Happiness?

— Kwangu, nikasema. Ila chupa zikae juu ya kabati. Mtoto ameanza kutambaa.