Kofia Iliyochemsha Pikapu Namba Saba

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa karakana yetu atanawa mikono kwa sabuni ya unga kwa mara ya mwisho na kustaafu. Ameitumikia idara miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake rasmi liko kwenye faili. Sisi tunamwita Babu Rejeta, na huliitikia hata mbele ya wakaguzi.

Mimi ni mtunza stoo. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, tumegombana karibu yote, na bado nimeonekana ndiye ninayefaa kumwandikia.

Alianza kazi kama muosha magari. Kilichompandisha ni utulivu wake mbele ya gari lililochemsha. Wengine hulirukia na ndoo ya maji. Yeye huvuta benchi, humkalisha dereva na kumhoji kama daktari: lilichemsha likienda au likiwa limesimama? Maji yanapungua au yapo palepale? Moshi wa nyuma una rangi gani? Kifuniko cha rejeta hakifungui mpaka aweze kukiwekea kiganja na kuhesabu hadi kumi bila kukunja uso. Meneja wetu wa zamani hakuwa na muda wa kuhesabu. Alikifungua mwenyewe, akaruka nyuma kwa bahati yake, na siku hiyo akaongoza mkutano akiwa na shati jeupe lenye kutu kuanzia kola hadi mkanda.

Benchi hilo limeokoa injini nyingi. Basi la wafanyakazi lilifunguliwa injini mara mbili kwenye gereji za nje, likarudi likichemsha vilevile. Babu Rejeta alimsikiliza dereva robo saa, akainama, akatuonyesha mpira wa chini wa rejeta uliochoka: injini ikivuma kwa nguvu, unajikunja na kuzuia maji. Ulibadilishwa kabla chai haijapoa.

Lakini wasifu wake bila pikapu namba saba ungekuwa uongo. Ameniruhusu niandike, kwa sharti nisitie chumvi. Haihitaji.

Miaka tisa iliyopita aliifungia pikapu hiyo feni mpya ya rejeta. Wiki hiyohiyo kofia yake ya bluu ilipotea, na pikapu ikaanza kuchemsha. Kuhusu kofia alinishuku mimi, akapekua stoo yangu mara mbili, hadi ndani ya maboksi ya plagi. Kuhusu pikapu alimshuku dereva. Yeye akiijaribu barabara kuu, mshale wa joto unatulia. Dereva akiingia nayo kwenye foleni, inatoa mvuke. Akabadilisha themostati, akabadilisha pampu ya maji, kisha akaandika kwamba dereva haangalii maji. Dereva huyo, baba wa watoto wanne na mtu asiyejua kubisha, alipewa barua ya kujieleza na kuitwa kikaoni Ijumaa saa nne. Sote tulijua anakwenda kuachishwa kazi.

Ijumaa asubuhi Babu Rejeta hakutulia. Alikuwa amekumbuka kwamba huyu ni dereva pekee ambaye hakuwahi kumkalisha benchini. Akamwita, akamkalisha, akamuuliza. Dereva akajibu kwa upole kwamba inachemsha ikisimama tu, ikikimbia inapoa. Hata mimi wa stoo najua maana yake: feni haizunguki. Ila feni alikuwa ameifunga mwenyewe, ndiyo maana hakuitazama.

Dereva alipoondoka kwenda kikaoni, boneti ilifunguliwa. Kofia ya bluu ilikuwa imekwama chini kwenye mapanga ya feni, pasipoonekana bila kuinama. Akaitoa, akaweka fyuzi mpya badala ya iliyoungua feni ilipokwama, feni ikazunguka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba. Angeweza kuitia kofia mfukoni na kusema ilikuwa fyuzi tu. Aliyeiona ni mimi peke yangu, ingawa kwa alivyokuwa amenisumbua nilikuwa tayari kuitangaza kwa kipaza sauti.

Aliivaa. Imechanika, inanuka mpira ulioungua, akapanda nayo ngazi na kuingia kikaoni bila kubisha hodi. “Aliyelichemsha gari ni mimi,” alisema. “Na ushahidi nimeuvaa.” Barua ikachanwa. Kisha akaja stoo kuniomba radhi, kofia mkononi. Nilimringia hadi Jumatatu.

Tangu hapo kofia hiyo iko msumarini juu ya meza ya spana, na hakuna fundi wetu anayefunga boneti kabla ya kujigusa kichwa. Mkewe anasema hata nyumbani hafuniki sufuria bila kufanya hivyo. Dereva wa namba saba yupo kazini mpaka leo, na ameomba amrudishe nyumbani siku ya kuagwa, akipitia foleni kwa makusudi.

Babu Rejeta, asante kwa miaka yote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na magari yasiyokuhusu. Stoo itakuwa kimya bila wewe, nami kimya hicho sikitaki. Kofia tumekunyima, inabaki msumarini. Jana ulipofunga boneti ya gari la mwisho kwenye orodha yako ulijigusa kichwa, nikajikuta najigusa na mimi, ambaye sijawahi kufunga hata boneti moja.