Kornelia Kwandu na Tango la Kwanza

Baada ya miaka ishirini na saba ya kumwagilia, kupalilia na kusinzia kidogo, Bibi Kornelia Kwandu atakabidhi ufunguo wa bustani ya shule yetu hapa Bariadi tarehe 30 Juni 1958. Neno kusinzia nimeliweka makusudi. Sote tumewahi kumkuta saa nane mchana ameketi katikati ya mitango, macho yamefumbwa nusu, nyuki wakivuma juu ya maua ya manjano. Ukimsalimia huitikia baada ya kitambo, taratibu, kisha hukuuliza habari za ng'ombe wa kwenu hata kama huna ng'ombe.

Aliajiriwa mwaka 1931, mwanamke kijana kutoka Migato, ili achote maji. Visima vyetu enzi hizo vilikuwa mashimo katika mchanga wa mto, na kiangazi kikikolea mchimbaji alizama mpaka kichwa kisionekane. Baada ya miaka mitatu alipewa bustani yote, kwa kuwa waliomtangulia walishindwa na mbuzi. Mbuzi walimwogopa. Wasichana wa bweni hawakumwogopa hata kidogo, na hilo tutaliona.

Kwa miaka mingi alitulisha mchicha, kunde na nyanya. Mitango ilikuja mwishoni mwa 1951, jikoni walipoiomba. Bibi Kornelia aliipenda tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi aliiamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kabla hajatuamkia sisi walimu, na mwalimu mkuu wa wakati ule alinung'unika kwamba mboga zina cheo kikubwa kuliko yeye.

Lakini mitango haikuzaa. Tuseme kweli: kila mche ulizaa tango moja, likanenepa, halafu basi. Maua yaliendelea kufunguka mpaka bustani ikapendeza kuliko altare siku ya Pasaka, na nyuma ya maua yakaonekana matango madogo kama kidole cha mtoto. Baada ya siku chache yakageuka manjano, yakasinyaa, yakaanguka. Tulilaumu wadudu, tukalaumu jua, na mwisho tukamlaumu mwenye bustani.

Kosa lilikuwa la heshima. Katika ukoo wa Bibi Kornelia tango la kwanza la kila mche haliguswi. Ndilo kifungua mimba, huachwa mpaka likomae na kuwa manjano, na mbegu za mwaka unaofuata hutoka humo. Mama yake alimfundisha hivyo, naye akafanya hivyohivyo kwa miche yetu themanini.

Kamati ya shule ilikuwa imeanza kutamani eneo lile lilimwe pamba. Ikataka taarifa. Katibu nilikuwa mimi, Thomasi Machibya, mwenye elimu mpya na majivuno ya zamani. Niliandika kwamba mtunza bustani analala kazini, kwamba maua yanapukutika kwa kukosa maji, na kwamba ni heri aachishwe. Mwenyekiti aliishi Migato. Bibi Kornelia alikuwa anakwenda huko kumwona mama yake, na wakati ule hakujua kusoma. Nikampa yeye barua. Aliifunga katika pindo la kanga isilowe, akaenda nayo siku nzima kwa miguu, akanirudishia majibu na salamu za mwenyekiti. Majibu yalisema: bustani ipewe muda mpaka mwisho wa Aprili. Nilimsomea hayo tu, yale niliyoyaandika mimi nikayaficha. Binti zake wawili walikuwa wakisoma hapa kwa sababu ya kazi yake ile, na alijua kwamba bustani ikiondoka, nao wanaondoka.

Ndipo Jumapili moja wasichana wanne, wakiongozwa na Maximiliana ambaye leo ni mwalimu mwenzetu mheshimiwa sana, walikwepa katekisimu wakaruka ua. Waliiba vifungua mimba vya miche minne, wakala bila hata chumvi. Bibi Kornelia alilia alipoona vikonyo vitupu. Si kwa ajili ya tango, alisema, bali kwa ajili ya mbegu.

Baada ya siku tisa miche ile minne ilikuwa imebeba matango kila pingili. Miche jirani ilikuwa bado na mzee wake mmoja mmoja, amelala tumbo juu.

Mchana wa siku tatu mfululizo aliketi mbele ya miche hiyo. Mimi nikaandika katika daftari langu kwamba amelala. Siku ya tatu aliinuka, akachukua kisu, akakata vifungua mimba vyote, ingawa kwa kufanya hivyo alikuwa anavunja agizo la mama yake. Aliuacha mche mmoja tu karibu na kisima, ndio uwe wa mbegu. Nilipomfokea alinijibu kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mwalimu, mayu mwenye mtoto mgongoni habebi mwingine. Mshushe huyo kwanza." Akanieleza kwamba mtango unazijua nguvu zake. Ukiwa unamlea mkubwa, wadogo unawaangusha wenyewe. Si ugonjwa wala si kiu.

Kabla ya Aprili kwisha jiko lilipokea vikapu vinne kila wiki. Wasichana walikula mpaka wakaomba maharage. Kamati ilikuja, ikala, ikashiba, ikasahau pamba. Binti zake walimaliza shule, mmoja ni muuguzi, mwingine anafundisha katika shule ya Kimali. Kuchuma matango yakiwa machanga, kila siku ya pili, ni desturi iliyofika hadi bustani za Kalemela. Bwana shamba alipopita na kusema kwamba jambo hilo limo vitabuni, Bibi Kornelia alimuuliza kwa adabu kwa nini hakulileta mwezi wa pili.

Mwaka 1954 alijiunga na darasa la akina mama, na mimi mwenyewe nikamfundisha kusoma. Wiki iliyopita nilikwenda bustanini kumwambia, kabla hajaondoka, barua ile aliyoibeba ilisema nini. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo miaka sita. Hakufumbua macho. Alisema anajua. Alipoanza kuunganisha maneno aliomba kufagia ofisi, akatafuta katika faili karatasi yenye mwandiko wangu, kwa kuwa ndio pekee alioumudu, na nakala ya barua ile ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake alichokisoma mpaka mwisho bila msaada.

Kwa miaka minne, kila Jumamosi, nimekuta matango mawili mlangoni kwangu. Nikadhani kila mwalimu anapewa. Juzi nimewauliza wenzangu. Hakuna.

Ukurasa huu wa kumuaga nimeomba usipigwe taipu, uachwe kwa mkono wangu, ili ausome mwenyewe. Mayu Kornelia, walimu na wanafunzi wote wanakushukuru, na wanakuombea Migato yenye mvua za wakati, usingizi wa mchana usiosumbuliwa na mtu, na wajukuu wengi. Mimi ninaongeza neno nililopaswa kuliandika mwaka ule: hukuwa umelala. Unisamehe.